Chipu Ngapi, Dekoda Gani? Mwongozo Kamili wa Kupanga Kumbukumbu katika Usanifu wa Dijitali

Swali hili huja kwa sura ileile kila mara: "Una chipu za 1K × 4. Jenga kumbukumbu ya 8K × 8. Utahitaji chipu ngapi, na dekoda ya ukubwa gani?" Dekoda ni saketi inayopokea biti chache za anwani na kuamsha tokeo moja tu kati ya mengi. Wengi hugawanya haraka, wakapata chipu 16, kisha wakachora dekoda yenye matokeo 16. Chipu 16 ni jibu sahihi. Dekoda ya matokeo 16 ni kosa, na ukiifuata mpaka mwisho utapata saketi isiyoweza kusoma hata baiti moja kamili.

Kosa hilo linatoka mahali pamoja: mtu amekariri kugawanya bila kuiangalia anwani yenyewe. Anwani anayotoa prosesa ni namba moja, lakini husomwa vipande viwili. Biti za chini huingia ndani ya chipu kutafuta eneo. Biti za juu hubaki nje kuchagua ni chipu zipi ziamke. Ni kama namba ya chumba 305 kwenye jengo: 3 inakupeleka ghorofani, 05 inakupeleka mlangoni. Ukijua mpaka kati ya vipande hivyo viwili uko wapi, maswali yote ya dekoda yanajijibu.

Hatua ya 1: Isome chipu kabla ya kuhesabu chochote

Chipu ya 8K × 8 ina maeneo 8K, na kila eneo linabeba biti 8. Namba ya kushoto ndiyo inayoamua laini za anwani. Ya kulia inaamua laini za data. Usizichanganye. K hapa ni 1,024, yaani 2¹⁰, kwa hiyo 1K inahitaji laini 10. Kila ukubwa unapoongezeka maradufu, ongeza laini moja:

1K – laini 10 – ukubwa 0400H
2K – laini 11 – ukubwa 0800H
4K – laini 12 – ukubwa 1000H
8K – laini 13 – ukubwa 2000H
16K – laini 14 – ukubwa 4000H
32K – laini 15 – ukubwa 8000H
64K – laini 16

Safu ile ya mwisho ni ya heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, na H ndiyo alama yake; ikae kichwani. Ndiyo itakayokuwezesha kuandika ramani ya kumbukumbu bila kikokotoo.

Majina ya chipu nayo yanazungumza ukiyasikiliza. Katika familia ya EPROM, yaani ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) inayoweza kufutwa na kuchomwa upya, tarakimu zinazofuata 27 ni kilobiti: 2716 ni kilobiti 16, gawanya kwa 8 upate 2K × 8, 2764 ni 8K × 8, 27128 ni 16K × 8, 27256 ni 32K × 8. Upande wa RAM tuli, kumbukumbu ya kusoma na kuandika, 6264 ni 8K × 8 na 62256 ni 32K × 8. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaiona 62256 wakadhani ina kilobaiti 256, wakati ni kilobiti 256, yaani kilobaiti 32. Na si kila jina linafuata mtindo huo, kwa mfano 2114 ni 1K × 4, kwa hiyo datashiti ndiyo yenye neno la mwisho.

Hatua ya 2: Panua kwanza, kisha rundika

Rudi kwenye swali letu. Gawanya mara mbili, tena kwa mpangilio huu.

Upana: tunataka biti 8 na chipu ina 4, hivyo 8 ÷ 4 = chipu 2 kwa kila safu.
Kina: tunataka maeneo 8K na chipu ina 1K, hivyo 8 ÷ 1 = safu 8.
Jumla: 2 × 8 = chipu 16.

Sasa tazama maana yake. Chipu mbili za safu moja hufanya kazi ya chipu moja pana. Ya kwanza inashika laini za data D0 hadi D3, ya pili D4 hadi D7. Zinapokea anwani ileile, ishara ileile ya kuandika, na ishara ileile ya kuziamsha. Lazima ziamke pamoja, la sivyo utapata nusu ya baiti.

Kwa hiyo dekoda haihesabu chipu, inahesabu safu. Safu ni 8, dekoda ni ya 3 kwa 8. Uhakiki wake ni rahisi: kumbukumbu nzima ya 8K inahitaji laini 13, chipu inatumia 10, A0 hadi A9, zinabaki 3, A10 hadi A12, na hizo ndizo ingizo za dekoda. Hesabu ya safu na hesabu ya laini zilizobaki lazima zikubaliane. Zisipokubaliana, simama hapo hapo utafute kosa kabla ya kuchora mstari mmoja.

Mfano mwingine wa kupima mkono: 1M × 32 kutoka chipu za 256K × 8. Upana 32 ÷ 8 = 4. Kina 1M (yaani 1,024K) ÷ 256K = 4. Chipu 16. Chipu ya 256K inatumia laini 18, kumbukumbu ya maneno 1M inahitaji 20, zinabaki 2, dekoda ni ya 2 kwa 4. Chipu ni 16 tena, lakini dekoda ni tofauti kabisa na ile ya kwanza.

Hatua ya 3: Andika jedwali la biti

Tuache sasa swali la mtihani tuingie kwenye mfumo halisi. Tuchukue Z80, prosesa iliyotolewa na Zilog mwaka 1976, ambayo bado ni mwalimu mzuri kwa sababu pini zake ni wazi: laini 16 za anwani, laini 8 za data, na nafasi ya 64K kamili. Tunataka 16K za ROM kwa chipu za 2764 na 24K za RAM kwa chipu za 6264. Chipu zote ni za 8K × 8, upana unatosha tayari. ROM 2, RAM 3, jumla 5.

Kabla ya dekoda, uliza prosesa inaanza kusoma wapi inapowashwa. Z80 huanza 0000H, kwa hiyo ROM lazima iwe chini. Ungekuwa na prosesa ya 6502 ingekuwa kinyume, kwa sababu yenyewe huenda kwanza FFFCH na FFFDH kuchukua anwani ya kuanzia, hivyo ROM hukaa juu. Ukiweka RAM mahali pa kuanzia, prosesa itatekeleza takataka zilizomo humo umeme unapowaka.

Sasa jedwali. Biti tatu za juu upande mmoja, zilizobaki upande wa pili:

A15 A14 A13 | A12 … A0 | eneo
0 0 0 | zote 0 hadi zote 1 | 0000H–1FFFH, ROM ya 1
0 0 1 | zote 0 hadi zote 1 | 2000H–3FFFH, ROM ya 2
0 1 0 | zote 0 hadi zote 1 | 4000H–5FFFH, RAM ya 1
0 1 1 | zote 0 hadi zote 1 | 6000H–7FFFH, RAM ya 2
1 0 0 | zote 0 hadi zote 1 | 8000H–9FFFH, RAM ya 3

Kuanzia A000H hadi FFFFH pako wazi, nafasi tatu za upanuzi.

Jedwali hili ndilo kazi yenyewe. Mtu akiniletea mchoro wa saketi bila jedwali la biti, siusomi; namwomba jedwali kwanza, kwa sababu ndani yake kila kosa linaonekana kwa macho. Anwani ya mwisho ya kila eneo hupatikana kwa kujumlisha ukubwa na kutoa 1: 4000H + 2000H − 1 = 5FFFH. Na kwa kuwa RAM inaishia 9FFFH, kielekezi cha rundo (stack pointer) kinaweza kuwekwa A000H, kwani Z80 hupunguza kielekezi kabla ya kuandika. Baiti ya kwanza itaangukia 9FFFH, mahali halali.

Hatua ya 4: Unga dekoda

Safu ni 5. Dekoda ndogo inayotosha ni ya 3 kwa 8, na chipu inayotumika mara nyingi kwa kazi hii ni 74LS138. Ina ingizo tatu za kuchagua, A, B na C, matokeo manane Y0 hadi Y7 ambayo hushuka kuwa 0 yanapochaguliwa, na pini tatu za kuiwezesha: G1 inataka 1, G2A na G2B zinataka 0. Kushuka kuwa 0 ndiko kunakotufaa, maana pini za kuamsha za chipu nyingi za kumbukumbu nazo zinataka 0. Hakuna haja ya lango la NOT, la kugeuza 0 kuwa 1, katikati.

A13 iende A, A14 iende B, A15 iende C. C ndiyo nzito kuliko zote. Ukigeuza ukaweka A15 kwenye A na A13 kwenye C, saketi itafanya kazi nusunusu: Y0 itaitika vizuri kwa anwani 0000H, programu fupi itaanza, halafu ROM ya 2 itajitokeza 8000H badala ya 2000H. Kosa la namna hii linachosha kulitafuta kwa sababu mwanzo wake unaonekana mzima.

Kisha pini za kuwezesha. G2A ipewe MREQ, ishara ambayo Z80 huishusha inapotaka kumbukumbu. Usiiruke. RD (ishara ya kusoma) na WR (ya kuandika) za Z80 hushuka pia wakati wa kuwasiliana na vifaa vya nje, pamoja na IORQ, ishara ya vifaa hivyo. Bila MREQ kwenye dekoda, amri ya OUT ya kutuma baiti kwenye kifaa itaandika baiti hiyo hiyo ndani ya RAM, na utashangaa data inaharibika bila mtu kuigusa. G1 ipewe RFSH, ambayo huwa 1 wakati wa kazi ya kawaida na hushuka Z80 inapotoa anwani za kuhuisha RAM badilifu. Hivyo dekoda inatulia wakati huo. G2B iende ardhini (volti 0). Pini isiyotumika isiachwe ikielea hewani.

Y0 hadi Y4 ziende kwenye pini za kuamsha za chipu tano. RD iende kwenye pini ya OE (inayoruhusu chipu itoe data) ya chipu zote, WR iende kwenye WE (inayoruhusu kuandika) za RAM tu. 6264 ina pini mbili za kuamsha, moja inataka 0 na nyingine inataka 1; hiyo ya pili ifunge kwenye volti 5.

Chipu za ukubwa tofauti

Maisha hayatoi chipu zinazolingana kila siku. Tuseme sasa una ROM moja ya 27128, ya 16K, na RAM moja ya 62256, ya 32K. Kila chipu ina mpaka wake wa kukata anwani: ROM inatumia A0–A13 na kuacha mbili juu, RAM inatumia A0–A14 na kuacha moja tu. ROM iko 0000H–3FFFH, yaani A15 na A14 zote ni 0. RAM iko 8000H–FFFFH, yaani A15 ni 1. Huhitaji 74LS138 nzima. Lango la OR lenye A15, A14 na MREQ linaamsha ROM. A15 iliyogeuzwa ikiingia OR pamoja na MREQ inaamsha RAM.

Kanuni inayolinda hapa ni hii: eneo la chipu lianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa ukubwa wa chipu. 32K ianzie 0000H au 8000H. Je, ukilazimika kuianzishia 4000H, mara tu baada ya ROM? Inawezekana. Eneo litakuwa 4000H–BFFFH. Katika nusu ya kwanza A15A14 ni 01, katika nusu ya pili ni 10. Lango la XOR la A15 na A14 linatoa 1 katika nusu zote mbili na 0 kwingine kote. Chipu inapokea A14 kama kawaida, hivyo nusu zake mbili zimepinduana ndani, lakini kila anwani ina eneo lake peke yake. Kwa RAM hilo halina madhara yoyote. Kwa EPROM ingebidi ubadilishane nusu za faili kabla ya kuichoma.

Chipu ndogo kuliko nafasi yake inaleta jambo jingine. Weka 6116 ya 2K kwenye Y7 ya saketi yetu ya kwanza. Y7 inafungua 8K kutoka E000H, lakini 6116 inaangalia A0–A10 pekee. A11 na A12 hazisomwi na mtu. Matokeo yake chipu hiyo inajitokeza mara nne: E000H, E800H, F000H na F800H. Hivyo ni vivuli. Ukiandika E000H unaweza kusoma baiti ileile F800H. Kwa mfumo mdogo usiopanuliwa, kuviacha ni uamuzi halali, unaokoa chipu. Kwa mfumo utakaokua, nashauri uvikate tangu mwanzo: chukua nusu ya 74LS139, ambayo ina dekoda mbili za 2 kwa 4, Y7 iwe kiwezeshi chake, A11 na A12 ziwe ingizo zake. Nafasi moja ya 8K inagawanyika nne za 2K.

Dekoda zinapozaa dekoda

Matokeo 16 kutoka 74LS138 mbili hayahitaji lango la ziada. Ingizo tatu za chini ziende dekoda zote mbili. Laini ya nne iende G2A ya dekoda ya kwanza na G1 ya dekoda ya pili. Ikiwa 0, ya kwanza inafanya kazi; ikiwa 1, ya pili. Ndiyo sababu 138 ilipewa viwezeshi vya aina mbili.

Zaidi ya hapo, gawanya kwa 8 mpaka ufike 1. Kwa matokeo 64: 64 ÷ 8 = 8, kisha 8 ÷ 8 = 1, jumla dekoda 9. Kwa matokeo 256: 32, kisha 4, kisha 1, jumla 37. Kwa matokeo 32: dekoda nne za 3 kwa 8 na moja ya 2 kwa 4 ya kuziamsha. Namba isipogawanyika sawasawa, panda juu: 4 ÷ 8 bado ni dekoda moja.

Idadi hiyo inakua haraka, na ndani ya chipu yenyewe ingekuwa balaa. Chipu ya 8K × 8 ikitumia dekoda moja ya 13 kwa 8,192 ingehitaji milango 8,192 ya AND. Badala yake seli zake 65,536 hupangwa mraba, 256 kwa 256. Biti 8 za anwani huchagua mstari mmoja kati ya 256, na biti 5 huchagua kundi moja la seli 8 kati ya makundi 32. Milango inakuwa 256 + 32 = 288. Ukiulizwa kwa nini dekoda mbili ni bora kuliko moja, hizo ndizo namba za kuandika.

Prosesa ya biti 16: pale A0 isipoingia kwenye chipu

Hapa hata waliobobea hujikwaa. 8086 ina laini 20 za anwani na laini 16 za data, lakini anwani zake zinahesabu baiti, si maneno. Unataka 64K za RAM kwa 62256. Chipu ni 2, safu ni 1: moja inashika D0–D7, anwani shufwa, nyingine D8–D15, anwani witiri. Laini 15 zinazoingia kwenye chipu si A0–A14 bali A1–A15. A0 huamsha benki ya shufwa, na BHE, ishara ya 8086 ya nusu ya juu ya laini za data, huamsha ya witiri, zote zikiwa 0. Kutenganisha benki ni lazima wakati wa kuandika, ili baiti moja isiharibu jirani yake. Wakati wa kusoma unaweza kuziamsha zote, prosesa itachukua nusu inayoitaka.

RAM hii huwekwa 00000H–0FFFFH kwa sababu baiti 1,024 za mwanzo ni jedwali la vekta za ukatizaji (interrupt). ROM inakaa juu, maana 8086 huanzia FFFF0H. Chipu mbili za 27256 zinajaza F0000H–FFFFFH, eneo ambalo A16 hadi A19 zote ni 1. Hapo hakuna dekoda ya kununua: lango moja la NAND linatosha. Laini nne pamoja na ishara ya M/IO, ambayo huwa 1 prosesa inapotaka kumbukumbu, ni ingizo tano, basi chukua 74LS30 yenye ingizo nane na uzifunge zilizobaki kwenye volti 5.

Uhakiki kabla ya kutia solda

Chukua anwani ya kwanza na ya mwisho ya kila eneo, zigeuze kuwa biti, upitishe kwenye dekoda kwa kalamu. Kila moja iamshe safu moja tu. Mbili zikiamka pamoja wakati wa kusoma, chipu mbili zitasukuma laini moja ya data, moja ikitaka 1 na nyingine 0, mkondo utapanda na chipu zitapata joto. Jaribu pia anwani ya nafasi tupu. Haipaswi kuamsha chochote.

Kisha muda. Dekoda ya familia ya 74LS inaweza kula hadi takriban nanosekunde 40 kabla chipu haijajua imeitwa, na muda huo unajumlishwa na muda wa chipu yenyewe. Kwenye Z80, MREQ hushuka nusu ya mzunguko wa saa baada ya anwani kutoka. Kwa 4 MHz nusu hiyo ni nanosekunde 125. Kama EPROM yako ni ya polepole na hesabu inabana, ondoa MREQ kwenye njia ya kuiamsha ROM, uiruhusu ichaguliwe na anwani pekee, na uunganishe MREQ na RD kwenye lango la OR linaloelekea OE. ROM haiandikwi, kwa hiyo kuamka mapema hakumdhuru mtu, na OE bado inaizuia isiseme kabla ya wakati wake. RAM iache na MREQ yake.

Mwisho weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme za kila chipu, dekoda ikiwemo.